Taa ya tairi si pambo la gari

Je, umewahi kuwasha gari asubuhi ukaona kitaa cha manjano kwenye dashibodi, kimeumbwa kama kiatu cha farasi chenye alama ya mshangao katikati? Na ulipokiona, ulifanya nini?

Kaka yangu anayeishi Kimbo, mjini Ruiru, alikifunika kwa plasta. Ndiyo, plasta ile ile tunayobandika mtoto akijikwaruza goti.

Sisemi haya ili kumcheka. Yeye mwenyewe ameniruhusu kuyaandika, mradi nisitaje jina lake, wateja wake wasije wakaogopa kumpa mizigo. Aidha, nimeuliza huku na huku na nimegundua kwamba wenye magari wengi hawajui kitaa hicho kinasema nini, na hata wanaojua huchanganyikiwa wanapofika kwenye mashine ya upepo. Kibandiko mlangoni kinasema 220, mashine inasema 2.2, geji ya kijana wa kuziba pancha inasema 32. Nani mkweli? Jibu ni kwamba wote ni wakweli. Lakini usipojua kwa nini, ukweli huo unaweza kukuua.

Kaka yangu ni mwalimu mstaafu. Alipopata kiinua mgongo chake alinunua pikapu iliyotumika, iliyoletwa kutoka ng'ambo, akaanza biashara ya kubeba chakula cha kuku kutoka Thika hadi kwa wafugaji wa Ruiru. Biashara ilimwendea vyema. Julai ilipofika na baridi yake, kile kitaa kikaanza kuwaka kila alfajiri. Ajabu ni kwamba alipokuwa amekwenda mwendo kidogo, kabla hajafika Juja, kilizima chenyewe.

"Gari hili lina wazimu," aliniambia siku moja nilipomtembelea. "Taa inawaka nikiwa nyumbani, inazima nikiwa barabarani. Kama tairi lina kasoro, kasoro hiyo inapona vipi likitembea?"

Nilikosa la kumjibu. Mimi ni mwandishi, si makanika. Juma lililofuata akabandika plasta.

Ni kweli kwamba hakuyapuuza magurudumu kabisa. Kila alipojaza mafuta alimwambia mhudumu, "Kijana, weka thelathini zote." Na kijana aliweka thelathini zote, mbele na nyuma. Hivyo ndivyo alivyofanya kwa miaka mingi na gari lake dogo la zamani, na halikuwahi kumletea taabu. Kuhusu kibandiko kilichokuwa kwenye fremu ya mlango wa dereva, kilichoandikwa 220 kwa magurudumu ya mbele na 280 kwa ya nyuma, alikuwa na maoni yake: "Hizo ni namba za lori. Waliobandika walikosea."

Jumamosi moja alikuwa akirudi kutoka Thika na magunia 12, kila moja la kilo 70. Ukipiga hesabu utapata kilo 840. Kando yake aliketi binti yake, mwanafunzi wa shule ya upili, ambaye humsaidia kuandika risiti wakati wa likizo. Karibu na Juja walisikia kishindo. Tairi la nyuma, upande wa kushoto, lilikuwa limepasuka. Pikapu ilianza kucheza kama mlevi, mkia ukivutwa kando. Kaka alishika usukani kwa mikono miwili, akaondoa mguu kwenye mafuta na hakukanyaga breki ghafla. Hilo ndilo lililowaokoa. Gari lilipunguza mwendo polepole likaingia kando ya barabara, likasimama hatua chache tu kutoka steji ambapo wanafunzi walikuwa wakingoja matatu. Magunia mawili yalianguka na kumwagika. Hakuna aliyeumia.

Baba na binti walikaa kimya garini kwa muda. Kisha binti alinyoosha mkono, akaibandua ile plasta.

Taa ilikuwa inawaka.

Iliwaka lini? Ilipopasuka tairi? Au tangu walipoondoka Thika? Hakuna anayeweza kusema. Fundi aliyelitazama tairi hilo alikuta ndani yake msumari ambao kichwa chake kilikuwa kimelika kwa kusuguana na lami. Msumari huo haukuingia siku hiyo. Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende.

JIONI YA HESABU

Jioni hiyo tulikusanyika Kimbo kumpa kaka pole. Binti yake alitoa daftari lake la Fizikia akaniambia, "Shangazi, njoo nikuonyeshe kitu. Baba hakukosea kuweka thelathini. Alikosea kudhani thelathini ni mia mbili na themanini."

Akaanza kunifundisha, nami nakupitishia somo hilo.

Upepo ulio ndani ya tairi hupimwa kwa nguvu inayosukuma eneo fulani. Kuna lugha nne za kulieleza jambo hilo moja.

Ya kwanza ni psi, yaani pauni kwa kila inchi ya mraba. Hii ni mizani ya Mwingereza. Ingawa Wakenya tunapima sukari kwa kilo na safari kwa kilomita, upepo wa tairi bado tunauita "pauni", au hatuuiti chochote, tunasema tu "weka thelathini".

Ya pili ni kilopaskali, inayoandikwa kPa. Jina hilo linatokana na Blaise Pascal, mwanahisabati Mfaransa aliyeishi kati ya 1623 na 1662. Mwanafunzi yeyote wa Fizikia anajua kwamba paskali moja ni nguvu ya nyutoni moja juu ya mita moja ya mraba. Hicho ni kipimo kidogo mno, ndiyo sababu watengenezaji wa magari huhesabu kwa maelfu yake, na namba zinaonekana kubwa.

Ya tatu ni bar. Bar moja ni kilopaskali 100 kamili. Kwa hiyo 220 ya kibandikoni na 2.2 ya mashine ni kitu kimoja. Umesogeza nukta tu.

Ya nne ni kilo kwa kila sentimita ya mraba, ambayo utaikuta kwenye geji na vibandiko vya zamani, hasa vya magari ya Japani. Namba zake zinakaribiana sana na za bar, kwa hiyo haikupi shida kubwa.

Sasa kata jedwali hili ulihifadhi ndani ya gari:

200 kPa ni bar 2.0, nayo ni psi 29.
220 kPa ni bar 2.2, nayo ni psi 32.
240 kPa ni bar 2.4, nayo ni psi 35.
250 kPa ni bar 2.5, nayo ni psi 36.
280 kPa ni bar 2.8, nayo ni karibu psi 41.
300 kPa ni bar 3.0, nayo ni psi 43 na nusu.

Ukilisahau jedwali, zidisha bar kwa 14.5 upate psi. Au gawanya kilopaskali kwa 7, utakuwa umekaribia.

Sasa rudi kwenye pikapu ya kaka. Magurudumu ya nyuma yalihitaji psi 41 ili kubeba mzigo. Yeye alikuwa akiyatia 30. Psi 30 ni kilopaskali 207. Kila siku alibeba magunia juu ya magurudumu yaliyopungukiwa na zaidi ya robo ya upepo wao. "Namba za lori" hazikuwa za lori hata kidogo. Zilikuwa za pikapu yake, kwa lugha asiyoizoea.

KWA NINI TAA ILIZIMA?

Lakini wazimu wa ile taa je? Mbona iliwaka alfajiri na kuzima barabarani?

Hapa pia jibu ni Fizikia. Hewa ikipoa husinyaa, ikipata joto husukuma zaidi. Kwa magari ya kawaida, joto likishuka kwa nyuzi 10 upepo hupungua kwa takriban kilopaskali 10, yaani kama psi moja na nusu. Taa za namna hii kwa kawaida hutengenezwa ziwake upepo unapopungua kwa robo hivi ya kiasi kilichoagizwa. Toa robo kwenye 280 utapata 210. Kaka alikuwa na 207. Kwa hiyo katika baridi ya alfajiri ya Julai alikuwa chini ya mstari, na taa ikawaka. Magurudumu yalipozunguka na kupata joto, upepo ulipanda kidogo ukavuka mstari, na taa ikazima. Kasoro haikupona. Ilijificha tu nyuma ya joto.

Basi kumbuka hili: taa inayowaka asubuhi na kuzima mchana haina wazimu. Inakwambia kwamba uko ukingoni mwa shimo.

Na kwa nini tairi lenye upepo mdogo hupasuka, ilhali mtu angedhani ni lenye upepo mwingi? Tairi lililolegea hujikunja ubavuni kila linapogusa lami, kisha hujinyoosha, kisha hujikunja tena. Chukua waya uukunje na kuukunjua mara nyingi, utahisi ukipata joto vidoleni kabla haujakatika. Ndivyo ilivyo kwa mpira na nyuzi za tairi. Ongeza mzigo mzito, ongeza mwendo wa barabara kuu ya Thika, ambayo tangu ilipofunguliwa rasmi mwaka 2012 imetuzoesha kwenda kasi, na joto hilo halina pa kwenda.

Hata pasipo hatari hiyo, hasara ipo. Upepo mdogo hula kingo za tairi na huongeza unywaji wa mafuta. Upepo ukizidi, tairi huliwa katikati, gari hurukaruka na breki hazishiki lami vizuri.

TAA HUJUAJE?

Nchini Marekani, watu wengi waliuawa katika ajali za magari yaliyopasuka magurudumu katika miaka ya 1990, na mwaka 2000 sheria ikapitishwa. Kufikia Septemba 2007 magari yote mapya madogo yaliyouzwa huko, pikapu zikiwamo, yalilazimika kuwa na taa hii. Ulaya ilifuata kwa magari mapya ya abiria mwezi Novemba 2014. Kwa kuwa Kenya huruhusu magari yaliyotumika yasiyozidi umri wa miaka minane, baadhi ya yanayoshushwa Mombasa sasa huja nayo.

Kuna aina mbili. Ya kwanza ina kihisi kidogo ndani ya kila gurudumu, kwenye valvu. Kihisi hupima upepo wenyewe na kuutuma kwa mawimbi ya redio. Aina hii yaweza kukuonyesha namba za kila gurudumu, na mara nyingi unaweza kuchagua kipimo, kPa, bar au psi, kwenye menyu ya dashibodi. Ya pili haina kihisi cha upepo. Hutumia vifaa vya breki kuhesabu mizunguko ya magurudumu. Lililolegea huwa dogo kidogo, hivyo huzunguka mara nyingi kuliko wenzake. Aina hii lazima uiweke upya kila unapojaza upepo. Ukiiweka upya kabla ya kujaza upepo unaofaa, umeifundisha uongo, nayo itauamini.

Itazame pia namna taa inavyowaka. Ikiwaka bila kupepesa, upepo umepungua. Ikipepesa kwa dakika moja hivi kila unapowasha gari, kisha ikatulia ikiwaka, basi mtambo wenyewe ndio mgonjwa. Mara nyingi betri ya kihisi imekwisha, maana hudumu miaka mitano hadi kumi tu, au kihisi kimevunjwa wakati wa kubadilisha tairi. Kwa hiyo unapompelekea fundi wa kando ya barabara gurudumu, mwambie mapema, "Ndugu, kuna kihisi kwenye valvu, usipige mtaimbo hapo." Na ukinunua kihisi kipya, hakikisha kinazungumza kwa mawimbi ya gari lako. Vya magari ya Japani na Marekani mara nyingi hutumia megahezi 315, vya Ulaya 433. Ukichanganya, havitasikilizana kamwe.

MAMBO YA KUFANYA

Kwanza, fungua mlango wa dereva usome kibandiko. Kama hakipo, tazama kifuniko cha tangi la mafuta au kitabu cha gari. Usifuate namba iliyochongwa ubavuni mwa tairi karibu na neno MAX. Hicho ni kikomo ambacho tairi halipaswi kuvuka, si kiasi ambacho gari lako linahitaji.

Pili, pima tairi likiwa baridi: asubuhi, au gari likiwa limesimama saa tatu hivi, au halijaenda zaidi ya kilomita mbili. Ukipima baada ya safari utakuta psi nne au zaidi za ziada. Hizo ni za joto. Usizitoe, kwani tairi likipoa utabaki na upungufu.

Tatu, kama una pikapu, amua kwa mujibu wa mzigo. Vibandiko vingine vina mistari miwili, mmoja wa gari tupu na mwingine wa gari lililosheheni. Gari likibadilika kazi, nawe badilisha upepo.

Nne, nunua geji yako mwenyewe na uiweke garini. Geji za mashine huangushwa na kukanyagwa kutwa kucha, na si zote husema kweli. Mhudumu akikuuliza "ngapi?", mjibu kwa namba na kipimo chake: "Psi 32 mbele, 41 nyuma." Kisha shuka uangalie mwenyewe.

Tano, usilisahau tairi la akiba. Huhitajika siku ambayo hakuna mashine karibu.

Wanaosafiri kwenda pwani nawaongezea hili. Ruiru iko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Ukiteremka hadi Mombasa, hewa ya nje huwa nzito zaidi na kulibana tairi, kiasi kwamba geji itasoma karibu psi mbili na nusu pungufu. Joto la pwani hurudisha sehemu ya upungufu huo. Basi ukifika, pima tena asubuhi ya kwanza kabla ya kuwapeleka watoto ufuoni.

Na ambaye gari lake halina taa hii asidhani somo si lake. Yeye ndiye anayelihitaji zaidi, kwani hana wa kumwonya ila macho na geji yake.

Mwaka 1888, John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, alipata hataza ya tairi la upepo. Alikuwa amelitengeneza kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe, ili mtoto asitikiswe na mawe ya barabarani. Nilipowaeleza kisa hicho pale Kimbo, kaka yangu alimtazama binti yake, akanyamaza.

Siku hizi, kila Jumapili kabla ya kwenda kanisani, wawili hao huinama kando ya pikapu na geji. Binti husoma kwa kilopaskali, baba hujibu kwa psi, na wasipokubaliana hupima tena. Ile plasta binti ameibandika kwenye jalada la ndani la daftari lake la Fizikia. Nilipomuuliza kwa nini asiitupe, alinijibu, "Shangazi, hii ndiyo mazoezi yangu ya nyumbani."

Nawe, msomaji wangu, kabla hujafunga gazeti hili, nenda ukasome kibandiko cha mlango wako. Tukutane Jumapili ijayo, tukijaliwa.